Koti la Tembo Lenye Vifungo Vitano

Wenzangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa daftari hili na kalamu mbili, mkasema, "Mzee Osmundi, tuandikie." Ningefurahi zaidi mngenipa kiti chenye mgongo, lakini sawa. Nimekaa nalo wiki tatu bila kuandika neno. Kiuno kinauma, jicho la kushoto halioni tena tundu la sindano, na kusema kweli nimechoka. Uchovu wenyewe si wa kazi ya mwezi jana, ni wa kazi yote tangu mwanzo. Nitaandika kidogo kidogo. Msitafute humu habari za vyeo, kwa sababu cheo katika karakana yetu kilikuwa kimoja tu, cha yule anayekaa karibu na dirisha.

Nilikuja pale nikiwa fundi wa suruali. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Mzee Salumu, muuza vitambaa hapa Mbinga mjini, mtu ambaye babu yake alitoka Kilwa na ambaye hakuacha kutukumbusha. Mitumba ilikuwa imetumaliza. Mtu alinunua suruali sokoni, akaja kwangu kukata pindo tu, kisha akalalamika kwamba nimechelewa. Mzee Salumu ndiye aliyeniambia kwamba akina mama wa karakana ya parokia wanatafuta fundi wa kuwashonea nguo wanyama wao.

"Wanyama gani?" nikamwuliza.

"Sungura, tembo, viboko. Wa kitambaa. Nenda, wewe, sungura hatakudai mkanda."

Mkuu wa karakana alikuwa Mama Sabina, mwanamke mfupi wa Litembo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Hakuniuliza nimejifunza wapi. Alinipa sungura aliye uchi, aliyejazwa sufi, akasema, "Mshonee suruali." Nilijisikia kama nimetukanwa, lakini nilikaa nikashona. Nilimpimia kiuno, nikamwekea zipu, mifuko miwili ya kweli na vitanzi vya mkanda. Ilikuwa suruali ambayo diwani angeweza kuivaa, kama diwani angekuwa na urefu wa shubiri mbili. Nikamkabidhi Mama Sabina, naye akajaribu kumvalisha sungura. Haikupita hata miguuni.

"Fundi," akasema, "mdoli hanyanyui mguu."

Akina mama wengine watatu walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu ya miaka kumi na moja haikunifaa sana mle ndani. Mtu ukimvalisha anakusaidia, anapinda goti, anavuta tumbo. Mdoli hakusaidii kwa lolote. Mguu wake ni mnene kuliko kiuno, kichwa ni kikubwa kuliko mabega, ana mkia, na masikio yamesimama pale kola inapotaka kupita. Suruali yake inabidi ifunguke nyuma mpaka chini, gauni lake lifunguke mgongo mzima, na tundu la mkia likatwe kabla ya kitu kingine chochote. Nilimshonea yule sungura suruali nne kabla Mama Sabina hajatikisa kichwa kukubali.

Vitambaa vyetu vilikuwa vipande vilivyobaki kwa mafundi wa mjini. Mzee Salumu alituwekea kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, na kila Jumamosi mmoja wetu alikwenda kuuchukua. Tatizo la kitenge ni kwamba maua yake yamechorwa kwa ajili ya mtu mzima. Kwenye gauni la sungura ndege mzima haingii, unapata bawa na jicho. Nilijifunza kugeuzageuza kipande mpaka nione kitu kidogo kilichokamilika ndani yake, jani moja au kokwa moja. Mikono ya nguo niliigeuza kwa kijiti cha mwanzi nilichokichonga mwenyewe. Kijiti hicho nimekiacha kwenye droo, msikitupe kwa kudhani ni uchafu.

Kila mdoli alitoka na nguo tatu, ya shule, ya kanisani na ya shambani. Zikirudi kutengenezwa, ya kanisani ndiyo iliyokuwa imechakaa zaidi. Ya shambani ilirudi mpya. Watoto wa huku wanajua shamba ni kazi, hawalichezei.

Mama Sabina alikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza kilikuwa cha meno. Kila kifungo alikiuma na kukivuta, kwa sababu kinachong'oka kwa meno ya mtu mzima kitaingia kooni mwa mtoto. Aliacha kipimo hicho siku jino lake lilipolegea kabla ya kifungo, akanirithisha mimi. Cha pili kilikuwa cha sala. Nguo ikiwa tayari unafumba macho, unaanza Baba Yetu kwa mwendo wa kawaida, na ukifika Amina mdoli awe amevuliwa na kuvalishwa tena. Ukichelewa, unafumua. Mzee Salumu alituona siku moja, akasema sisi tunajipendelea, yeye angemaliza kwa Alhamdu moja na angebakiza muda wa chai. Tukampa kiboko mwenye koti. Hakumaliza.

Kipimo hicho cha sala nilikipenda mno. Nilifika mahali nikawa namaliza kwenye "utusamehe makosa yetu." Nguo zangu zilifunguka zenyewe, na nilijivuna kwa hilo. Nawaambieni haya ili muelewe yanayofuata. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini makoti ya midoli ya hospitali nayakazia vitundu vya vifungo kiasi kile, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba ndivyo yalivyoagizwa. Ni kweli, lakini si ukweli wote.

Mwaka wangu wa saba au wa nane alikuja Bwana Kasto, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya huko milimani. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye viatu vya vumbi. Alitueleza jambo ambalo sote tulilijua nusu. Mwezi wa sita na wa saba baridi inapokaza, watoto huota moto jikoni, na kila mwaka wako wanaoanguka kwenye makaa. Wengi hupona vidonda, lakini hawapati tena mkono.

"Ngozi ikipona inavuta," alisema, akakunja vidole vyake polepole mbele yetu. "Mtoto asipovikunja na kuvikunjua kila siku, vinalala hapohapo kwenye kiganja. Na mazoezi yanauma. Nikiwaambia kunjua, wanalia. Lakini nimewaona wakicheza na midoli yenu."

Alitaka tembo mwenye koti. Koti liwe na vifungo vitano, cha juu kikubwa, na kila kinachofuata kiwe kidogo kuliko kilichotangulia. Akarudia neno moja mara tatu: vitundu vikaze. Mtoto alazimike kubana kifungo kwa kidole gumba na vidole vingine, akisukume, akivute. Mama Sabina alinipa kazi hiyo mimi. Nilishona kama nilivyoambiwa, na roho iliniuma, maana koti lile lilikuwa kinyume cha kila kitu nilichojifunza. Nilijaribu Baba Yetu, nikafika Amina nikiwa kwenye kifungo cha pili.

Nilikwenda nalo mwenyewe kwa bodaboda, ili nione mkono utakaolitumia. Mtoto aliitwa Skola. Alikuwa na miaka sita, mtoto wa kijiji cha Kihagara, kule chini Ziwa Nyasa. Mama yake alikuwa amepanda naye milimani kumsaidia dada yake kuchuma kahawa. Asubuhi moja mtoto alijikwaa jikoni, akajishikiza kwenye makaa kwa mkono wa kulia. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa mpaka kifundo, vidole vimeachwa wazi, vyekundu na vinavyong'aa. Aliniamkia vizuri. Alimpokea tembo, akamnusa, akacheka.

Bwana Kasto akamwambia masharti mbele ya mama yake: "Skola, siku utakapofunga vyote vitano kwa mkono huu, peke yako, mimi mwenyewe nitamwambia daktari uende nyumbani."

Nilirudi baada ya wiki mbili, kwa kisingizio cha kuangalia kama mishono inashika. Alikuwa amefika kifungo cha tatu. Nilimwona akikihangaikia. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, machozi yanadondoka juu ya mkonga wa tembo, na hakutoa sauti. Kilio cha sauti ningekivumilia. Kile sikukiweza.

Mama yake alinifuata nje. Alinisalimu, akasimama kando yangu.

"Fundi, mimi nimeacha wadogo zake wawili kule chini kwa bibi yao. Mmoja alikuwa bado ananyonya, ameachishwa kwa sababu ya hili. Huu ni mwezi wa pili tuko hapa. Mwenzangu yuko majini kila usiku, anavua. Huwezi kulegeza kidogo? Kidogo tu, mtoto asiumie."

Ningemwambia akamwulize Bwana Kasto. Ningemwambia sijui. Lakini mimi ni fundi, na mtu alikuwa amenishtakia nguo inayobana. Mtoto alipopitiwa na usingizi nilichukua lile koti, nikakaa kwenye benchi la uani, nikatoa mkasi mdogo, nikapasua kila kitundu nyuzi mbili tatu, nikakizungushia uzi upya ili kisichanike. Kisha nikapaka nta ya mshumaa kwenye kingo, ujanja niliojifunza wakati wa suruali. Ilinichukua chini ya saa moja. Nilifumba macho, nikasali, nikamaliza kabla ya Amina. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi. Nikamvalisha tembo koti lake, nikaondoka bila kumwambia mama yake nilichofanya.

Kesho yake Bwana Kasto alipiga simu karakana. Skola amefunga vyote vitano. Alisema wauguzi walimpigia makofi. Wakaruhusiwa, wakashuka ziwani na tembo wao.

Walirudi mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Sikuwaona. Niliyemwona ni Bwana Kasto. Aliingia karakana, akamweka tembo juu ya meza ya kukatia, akaniambia, "Fundi, jaribu kumfunga." Nilishika kifungo cha kwanza. Kiliingia kama mguu kwenye kandambili. Akaniambia kwamba vidole vinne vya mtoto vimejikunja mpaka kiganjani, kwamba nyumbani alicheza na tembo kila siku kama alivyoagizwa, tena mama yake alimsimamia, na kwamba sasa atapelekwa hospitali ya rufaa akapasuliwe.

"Nilimwachia mapema," alisema. "Nilihesabu vifungo. Sikuangalia vitundu." Akanitazama. "Vimekuwaje hivi?"

Nikamjibu, "Kitambaa kikitumika sana kinalegea."

Ndivyo nilivyosema. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuiweka humu, na kila mara ilikuwa ileile. Alikuwa akijilaumu mbele yangu, nami nikamwacha ajilaumu. Bwana Kasto aliinamisha kichwa, akashukuru, akaondoka. Mwaka uliofuata alihamishiwa mkoa mwingine, nami sijamwona tena.

Mama Sabina alikuwa amekaa dirishani muda wote. Bwana Kasto alipotoka, aliinuka, akachukua lile koti, akalisogeza kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye kingo za kitundu, ukatoka na nta.

"Kitambaa hakijui kutumia mkasi, Osmundi," akasema.

Hakunisema tena, si siku ile wala baadaye. Lakini tangu hapo makoti yote ya hospitali alinipa mimi, hata pale nilipomwomba ampe mwingine. Alipokuwa mgonjwa miaka michache baadaye nilikwenda kumwona, nikajaribu kuanzisha mazungumzo hayo, naye akaniuliza kama nimekumbuka kupaka cherehani mafuta. Alifariki wiki iliyofuata. Niliimba kwaya kwenye mazishi yake.

Nilishona makoti mengi baada ya hapo. Sikuyahesabu. Niliyakazia yote, na kila moja nililijaribu kwa mkono wangu wa kulia nikiwa nimefunga vidole viwili kwa utepe, ili niumie kidogo. Nilipeleka mengine kwa Skola kupitia kwa muuguzi mmoja aliyekuwa akienda likizo ziwani. Nilisikia kwamba upasuaji ulifungua vidole viwili na viwili vilikataa. Nilisikia kwamba ameanza shule na anaandika kwa mkono wa kushoto. Habari hizo zote nilizipata kwa kusikia tu. Barabara ya kushuka Mbamba Bay ikawekwa lami, watu wakaanza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, nami nikapata sababu nyingine za kutokwenda.

Mwaka jana shule ya awali moja ya Kihagara iliagiza midoli kumi na miwili. Mnakumbuka nilisema nitapeleka mwenyewe, mkanicheka kwamba mzee anataka kula samaki. Nilikuwa naelekea kustaafu, na niliogopa kukaa nyumbani na jambo hili bila kazi ya kulifunika. Nilishusha mzigo shuleni saa nne asubuhi, nikauliza nyumba, nikaonyeshwa.

Mama yake alikuwa akianika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja, amenenepa kidogo, mvi zimeanza. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Alinipokea kwa furaha ambayo sikuistahili, akamwita binti yake, kisha akaingia jikoni kusonga ugali. Skola akatoka ndani. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minne, mrefu kuliko mama yake. Aliniamkia kwa kupiga goti kidogo, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga aliyojifunga. Wa kushoto hakunipa, maana amelelewa vizuri. Basi hatukupeana mikono.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu kuanzia Mbinga, njia nzima. Yalipotoka yalikuwa machache. Nilimwambia, "Lile koti la kwanza, nililegeza vitundu. Ni mimi. Halafu nikamdanganya mtaalamu."

Hakushangaa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Najua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Jana yake kifungo cha tatu kilinishinda. Siku ile kiliingia chenyewe, na cha nne, na cha tano. Vidole vyangu havikufanya kitu." Akatazama chini. "Nilijua kuna mtu amekirekebisha. Nikanyamaza. Nilitaka kurudi nyumbani."

Nilitaka kusema kitu, akanitangulia.

"Walipopiga makofi na mimi nilicheka. Halafu mkono ulipojikunja, nikajua ni kwa sababu hiyo. Kwamba nimedanganya hospitali, na mkono umenirudi, umeniadhibu. Mama alikuwa anajilaumu hakunifanyisha mazoezi vizuri. Sijawahi kumwambia."

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa pale uani. Miaka minane nilijiona mimi ndiye niliyebeba mzigo. Nilikuwa na karakana, cherehani, watu wa kunitania, Jumapili na kwaya. Yeye alikuwa na miaka sita, akapewa mzigo huohuo, akabaki nao peke yake usiku na mchana, akidhani ni wake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile mbele ya Mama Sabina.

"Skola," nikamwambia, "wewe hukudanganya mtu. Ulipewa koti, ukalifunga. Aliyedanganya ni mtu mzima mwenye mkasi. Mkono wako haukukurudi. Ngozi ilivuta kwa sababu mimi niliiondolea kazi yake, basi. Na hayo nitamwambia mama yako sasa hivi, akitoka jikoni, wewe ukiwa umekaa hapa unasikia."

Alisimama akitazama usipa kwenye chanja, na machozi yakamtoka kama zamani, bila sauti. Sikumfuta, wala sikumwambia anyamaze. Nilingoja. Jikoni mwiko uliendelea kugonga sufuria.

Alipomaliza alijifuta kwa kanga, na mkono ukatoka nje. Ulikuwa mwembamba, una makunyanzi, vidole viwili vimenyooka na viwili vimelala kiganjani.

"Shikamoo, Fundi," akasema upya, akaunyoosha kwangu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikaushika. Vidole viwili vilinizunguka kwa nguvu ambayo sikuitarajia, na vile vingine viwili niliviona vikijaribu.